"Majibu yako ni chanya": niliyojifunza nikiwaita wanawake kupima kwa simu

Meseji ya kwanza niliyotuma ilisomeka hivi: "NDUGU MTEJA, UNAKUMBUSHWA KUFIKA KITUONI KUPIMA SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI. SARATANI INAUA. FIKA BILA KUKOSA." Niliitunga mwenyewe, kwa herufi kubwa, nikaiona imekaa vizuri kabisa, nikaituma kwa kila namba iliyokuwa kwenye rejista zetu. Saa mbili usiku simu ya kituo, ambayo siku hiyo nilikuwa nimeondoka nayo kwenda nyumbani, ikaita. Mama mmoja, sauti imemkauka: "Dada nesi, mbona mmenificha siku zote hizi? Nina saratani?"

Hakuwa na saratani, wala hakuwahi kupimwa. Namba yake tulikuwa nayo kwa sababu aliwahi kuleta mtoto kliniki, basi. Lakini soma ile meseji kama alivyoisoma yeye. Imetoka kituo cha afya, inasema "unakumbushwa", kisha "saratani", kisha "inaua". Nani asingedhani kuna majibu yake yamefichwa kabatini? Nilimtuliza karibu nusu saa. Alipokata simu nikakaa kitandani najiuliza ni wangapi wengine wameisoma hivyo hivyo na hawana salio la kupiga.

Asubuhi yake walikuja wanne. Wawili kati yao walikuja kugomba.

Kazi yenyewe sikuiomba. Tulikuwa na chumba cha uchunguzi kilichokamilika: kitanda, taa, pazia, na chupa ya asidi asetiki ambayo sisi huiita siki tu. Siku nyingine tangu asubuhi mpaka jioni haingii mtu. Huku wodini nawapokea waliochelewa, wale ambao damu imewatoka miezi mpaka harufu imewafanya wajitenge na watu wa nyumbani kwao. Mkuu wangu alipopata fungu dogo la vocha akaniambia, "Wewe ndiye unayeshinda kwenye simu. Waite." Basi nikawaita, kwa namna niliyokwisha kueleza.

Kinachoniuma kuhusu ugonjwa huu ni kwamba wenyewe unatoa muda. Karibu wote chanzo chake ni kirusi cha HPV kilichong'ang'ania mwilini, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba takribani asilimia 70 ya wagonjwa. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, tangu chembe zianze kubadilika mpaka zigeuke saratani hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa ambaye kinga imeshuka sana, mathalani anayeishi na VVU bila dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Muda wote huo hakuna maumivu, hakuna kitu. Ndiyo maana kumwambia mtu "ukiona dalili njoo" ni kumdanganya: dalili zikija, ile nafasi rahisi huwa imeshapita. Hata hivyo mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 duniani walikufa kwa ugonjwa huu. Nilikuwa na hoja zote hizo kichwani, na meseji yangu haikubeba hata moja. Ilibeba vitisho.

Nikakaa na dada wa mapokezi, ambaye hajasomea uuguzi lakini anajua watu kuliko mimi, tukaandika upya. Tulihangaika siku mbili na sentensi tano. Mwisho ikawa: "Habari dada, ni nesi wa kituo. Jumanne na Alhamisi tunapima wanawake wasio na dalili yoyote. Ni dakika 10. Hatukati wala hatung'oi kitu. Jibu 1 nikupangie saa."

Ile ya "hatung'oi" ni yake yeye. Nilitaka kuifuta, nikiona si lugha ya kitaalamu. Akaniambia wanawake wengi wanaamini kile chuma kinavuta kizazi nje, na wakija wataniuliza hilo kabla ya salamu. Alikuwa sahihi. Sentensi hiyo peke yake ilinijibia maswali mengi kuliko bango lote la ukutani.

Hapa niseme kitu cha kifundi ambacho hakuna aliyeniambia na kilinimalizia vocha. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Hiyo yetu ina 159, tuliihesabu kwa vidole. Nikasema niipambe, nikaweka imoji ya ua mwishoni. Salio likaisha kabla sijafika nusu ya orodha. Nikadhani nimeibiwa, nikapiga simu kulalamika kwa sauti ya juu. Kijana mmoja mvumilivu akanieleza: ukiweka imoji hata moja, meseji nzima inabadilishwa mfumo wa kuandikiwa, na uwezo wake unashuka hadi herufi 70. Ujumbe wangu ulikuwa unakatwa vipande vitatu, nalipia vitatu. Nikaondoa ua. Salio likaendelea kuyeyuka vile vile. Ilichukua wiki nzima kugundua kuwa mchawi sasa ni kile kialama cha juu kwenye "hatung'oi". Nilikuwa nimeandika ujumbe kwenye kompyuta kisha nikaunakili, na kompyuta ilikuwa imekigeuza kuwa kile kilichopinda, cha kupendeza. Kilichonyooka kinakubalika, kilichopinda kinahesabiwa kama imoji. Kwa hiyo wewe unayeandika Kiswahili chenye ng'ombe na ng'ambo ndani yake, chapa ujumbe wako moja kwa moja kwenye simu, na ujitumie wewe kwanza uone unakatwa vipande vingapi.

Majibu ya "1" yakaanza kuingia, na wengi zaidi wakajibu, "Mnapima nini?" Hilo ndilo nililotaka. Sikutaja saratani kwa makusudi, ili atakayeuliza niongee naye. Niliona nimekuwa mjanja.

Ujanja ule ulinirudia baada ya siku chache. Mwanamume alipiga, hakusalimia. "Wewe dada ni nani, unampangia mke wangu saa ya nini Jumanne?" Simu ilikuwa yake. Mkewe hana simu. Siku ya kliniki alitoa namba ya mumewe kama wanavyofanya wengi. Mume amesoma tu "habari dada… jibu 1 nikupangie saa", na nyumba ikawaka moto. Dada wa mapokezi akaichukua ile simu mkononi mwangu. "Shikamoo kaka. Hapa ni kituo cha afya, njoo naye wote wawili mjionee." Wakaja kweli. Mume akakaa kwenye benchi mikono imekunjwa, akamsubiri mkewe mpaka akatoka. Tulicheka baadaye, lakini siku ile sikucheka. Kuna nyumba ambazo mambo hayaishii kwenye benchi.

Tangu hapo, mwanamke akiandika namba yake kwetu, tunamuuliza mambo matatu kabla hajafunga kalamu. Simu hii ni ya nani? Nani mwingine huishika? Ungependa tukuite kwa jina gani la shughuli? Wengine husema andika tu saratani, mume wangu anajua. Wengine husema andikeni "miadi ya kliniki". Mmoja alisema tumwandikie kuwa sare za kwaya ziko tayari, na miezi yote hiyo tumekuwa mafundi wa sare. Orodha ya zamani, ile iliyotoka kwenye rejista bila idhini ya mtu, tuliiacha kabisa. Nusu ya namba zile zilikuwa zimeshabadili wenyewe, na aliyeleta mtoto kuchanjwa hakuwa ametuambia tumwandikie kuhusu mwili wake. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya simu, si baada.

Kosa la kundi la WhatsApp nalieleza kwa haraka kwa sababu bado linanitia aibu. Nilifungua kundi, nikaingiza kila aliyejibu "1", nikaliita jina lenye neno "waliopima". Jioni ile ile wawili wakaonana humo: mtu na wifi yake. Kila mmoja alikuwa amekuja kwa siri. Ukimwingiza mtu kundini, namba yake inaonekana na wote, na mara nyingi picha yake pia. Wewe umeshatangaza kwamba huyu alipita kwenye kitanda changu. Wakaanza kulefti mmoja mmoja. Waliobaki wakaletewa dawa ya mizizi "inayosafisha HPV" na mtu aliyeingizwa sijui na nani. Nililifunga, nikapiga simu kwa kila mmoja kuomba radhi. Sasa natumia orodha ya matangazo, ambayo kila mtu hupokea peke yake na kunijibu mimi tu. Ina sharti moja: ujumbe haumfikii mpaka naye awe ameihifadhi namba yako kwenye simu yake. Mwanzoni nililiona usumbufu. Baadaye nikaona ni idhini nzuri kuliko fomu yoyote. Anaihifadhi namba mbele yangu, anachagua mwenyewe ataiandikaje. Nimewahi kujiona kwenye skrini ya mtu nimeandikwa "Fundi Cherehani".

Wenye simu za kitochi hawamo kabisa kwenye mambo ya WhatsApp, na kwangu hao ndio wengi kati ya wenye umri wa miaka 30 hadi 49, ambao ndio tunaowatafuta zaidi. Kwao kilichofaa ni kitu cha zamani: bipu. Tuliandika kwenye vikaratasi, "Bipu namba hii, tutakupigia." Hana gharama, haandiki chochote ambacho mtu atakisoma, na anachagua saa ambayo yuko peke yake. Bipu nyingi huingia kati ya saa nne na saa sita asubuhi, na nyingine usiku sana. Kama ningelazimishwa kuacha vyote nibaki na kimoja, ningebaki na bipu. Lakini lazima umpigie siku ile ile. Tulipochelewa hadi kesho yake, wengine walisema "umekosea namba", na mimi nikaelewa kuwa kuna mtu kakaa karibu.

Kisha kikaja kile kijimeseji. Nilikuwa nimemwandikia mama mmoja maelezo marefu na mazuri, kuwa haumizwi, kuwa anajisitiri, kuwa ni vyema kuwahi. Akajibu kwa maneno manne: "Na wewe dada umepima?"

Tiki zikageuka bluu, na yeye aliziona. Sikujibu. Nilikuwa nimepita umri wa kuanza, nimewapima wanawake nisioweza kuwahesabu, na mimi mwenyewe sijawahi kupanda kile kitanda. Sababu zangu zilikuwa zile zile ninazozisikia kila siku: sina nafasi, sina tatizo, na kubwa kuliko zote, anayenipima ni mtu ninayekula naye mchana. Nilikaa siku mbili bila kumjibu. Siku ya tatu nikamwomba mwenzangu afunge mlango.

Niandike nilichokiona kutoka upande ule, kwa sababu miaka yote nilikuwa nakiona kutoka upande wa taa. Dari yetu ina doa la maji lenye umbo la sikio. Spekulamu, kile kifaa cha kufungulia njia ya uke, ikiwa ya plastiki si baridi kama ya chuma, lakini inapofunguliwa hutoa mlio, *tak*, *tak*, kila jino linaposhika, na ukiwa umelala unausikia kama unatoka tumboni. Nilikaza miguu. Mwenzangu akaniambia neno lile lile ninalowaambia wote, "legeza", na nikagundua kuwa ukiambiwa ulegeze unakaza zaidi. "Kohoa kidogo," akasema, ndipo ikapita. Kisha siki, ubaridi na mwasho mdogo, kisha ile dakika moja ya kungoja kuona kama pana sehemu itakayogeuka nyeupe, maana weupe huo ndio unaoashiria mabadiliko. Dakika moja tu, na nilikuwa nimeshawagawia watoto wangu kwa dada zangu.

Haikugeuka. Nikavaa, nikachukua simu kabla moyo haujatulia, nikarekodi sauti. Sikuandaa maneno. Nikasema nimepima sasa hivi, niliogopa, na hiki ndicho nilichokisikia. Nikaishika ile spekulamu mpya mbele ya simu nikaifungua, *tak*, *tak*, nikasema: mlio huu ni plastiki, si mfupa wako. Sekunde 50. Nikamtumia yule mama. Akaja Alhamisi, na binamu yake.

Sauti ile ndiyo iliyosambazwa kuliko kitu chochote nilichotengeneza, ikiwemo video moja iliyonichukua wiki tatu, yenye muziki na michoro ya kizazi cha rangi ya waridi. Video ile inapendwa na wageni wa kiofisi. Wanawake walisema inamaliza bando na mtoto akiiona atauliza. Na siku hizi nimeacha kuwaambia "legeza". Nawaambia wakohoe.

Sasa nifike kwenye siku ambayo ningeifuta kama ningeweza. Mambo yalikuwa yamenoga. Kwa wiki moja walijipanga wengi kuliko tulivyowahi kuwaona. Wakati ule waliokutwa na mabadiliko ya awali tulikuwa tunawatibu hapo hapo kwa mgando, ile mashine inayogandisha sehemu iliyoathirika kwa baridi kali. Mashine hiyo hutumia gesi ya mtungi. Mtungi ulikuwa umeisha na mwingine haukuwa umeletwa. Barua ya kuomba ilikuwa imelala kwenye meza ya mtu siku nyingi. Nilijua mtungi uko mwishoni. Niliwaita hata hivyo, nikisema Mungu si Athumani, utafika. Asubuhi ile wanawake watatu walikutwa na madoa meupe, na nikawaambia mwende, tutawaita. Wawili waliitika tulipowapigia. Wa tatu, mwanamke mwembamba aliyekuja na mtoto mgongoni, aliniuliza mlangoni, "Sasa mlituitia nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Baadaye tulipata mashine ya joto. Hiyo haihitaji gesi, inabebeka, na tiba yenyewe huisha kwa dakika chache. Lakini hata ukiwa na mashine gani, kabla ya kubonyeza "tuma", ingia chumbani uhesabu kwa mkono wako: spekulamu, siki, glavu, vifaa vya sampuli, tiba ya hapo hapo, na jina na simu ya mtu wa hospitali ya rufaa atakayempokea mwenye hali kubwa. Mimi sasa nagawanya orodha. Natuma kwa wachache kadiri ya tunaoweza kuwapima na kuwatibu wiki ile, wanaobaki wanasubiri wiki nyingine. Wakubwa hawakupenda, kwa sababu ripoti ya meseji zilizotumwa ilishuka.

Tulipoanza kipimo cha HPV chenyewe, mambo mengi yalirahisika. Sampuli mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia kwa kijiti laini, na ikipimwa kwa mashine sahihi majibu yake yanaaminika kama ya sampuli iliyochukuliwa na nesi. Walionikimbia miaka yote kwa sababu ya kitanda walikubali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo hiki kuanzia miaka 30, kikirudiwa kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Ila majibu hayatoki hapo hapo kama ya siki, sampuli inakwenda maabara. Mwanamke ameshaondoka. Majibu yanamfuata kwa simu.

Nikaandika: "Majibu yako ya HPV ni chanya. Tafadhali fika kituoni." Sentensi fupi, safi, haina vitisho, nilikuwa nimejifunza, au nilidhani hivyo. Mmoja wa walioipokea hakuja. Nikatuma tena. Akajibu, "Ahsante sana dada, Mungu ni mwema." Nikashangaa, nikaendelea na kazi. Ilipita miezi mitatu kabla sijakutana naye kwa sababu nyingine kabisa, nikamuuliza mbona hukurudi. Akaniangalia kwa furaha. "Si mliniambia chanya? Nikajua nimesalimika." Mtazamo chanya, fikra chanya, mabadiliko chanya: kila mahali anapolisikia neno hilo ni jambo jema. Sisi tu wa makoti meupe ndio tuliolipindua likawa baya, tukasahau kuwaambia wenye lugha.

Mwingine ilimgeukia upande wa pili. Alisoma HPV akaona HIV. Alikuwa ameshafungasha nguo zake aondoke kwa mume usiku huo, akapiga kwanza. Ningechelewa kupokea?

Yule wa kwanza tulimwangalia siku ile ile. Alikuwa na mabadiliko, akatibiwa kwa joto, akaenda nyumbani kwa miguu yake. Miezi mitatu kwa ugonjwa unaotembea polepole hivi si mingi, lakini nilishindwa kulala vizuri kwa muda.

Neno hilo sasa halitoki kwenye simu yetu. Asiye na kirusi anapata meseji: "Hatukuona kirusi. Tutakukumbusha muda wa kurudia ukifika." Aliyekutwa nacho hapati majibu kwa maandishi, anapigiwa. Na nikimpigia huanza hivi, karibu kila mara: "Mama, huna saratani. Tumeona kirusi ambacho karibu kila aliyewahi kujamiiana hukipata wakati fulani, na wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Chako bado kipo, kwa hiyo nataka nikuangalie Jumanne." Kisha nanyamaza, na swali linalofuata nalijua: nani kaniletea? Hapo namwambia kweli, kwamba hakuna awezaye kujua kiliingia lini, kinaweza kuwa kilikuwepo kimya miaka mingi kabla ya huyu mume. Simu hiyo moja huchukua dakika 15. Hakuna programu iliyowahi kunipunguzia dakika hizo, ingawa nimeonyeshwa kadhaa, na moja ilikuwa na roboti la kujibu lililoitwa jina la kike. Roboti lile nililiuliza kwa Kiswahili kama kipimo kinauma, likaniambia niwasiliane na mtoa huduma. Mtoa huduma ndiye mimi.

Jambo dogo kuhusu hesabu. Kwenye ripoti kuna safu ya "zilizofika". Meseji ikifika ina maana simu imeipokea. Simu inaweza kuwa kwenye mfuko wa kijana wake. Niliongeza safu nne za kwangu kwenye daftari la kawaida, kwa kalamu: aliyejibu, aliyekuja, aliyekutwa na tatizo, aliyetibiwa. Mkakati wa dunia wa kutokomeza saratani hii, uliozinduliwa Novemba 2020, nao unahesabu hivyo ukiutazama vizuri: ifikapo 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa dhidi ya HPV kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo kizuri wakifika 35 na tena wakifika 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo watibiwe. Hakuna palipoandikwa meseji. Safu yangu ya mwisho ndiyo huwa naitazama kwanza nikifungua daftari asubuhi, na mstari wenye nafasi tupu humo ndio kazi ya siku.

Mstari mmoja umekaa mtupu muda mrefu. Ni wa yule mwembamba mwenye mtoto mgongoni. Namba yake ya kwanza haipatikani. Ya pili, aliyoiandika pembeni kwa penseli, hupokea mwanamke mzee anayesema yule alihama, hajui wapi, lakini akipita atamwambia. Nampigia bibi huyo kila Jumatatu. Ameshanizoea, hunipokea kwa "Marahaba mwanangu" kabla sijamaliza shikamoo, na wiki iliyopita yeye ndiye aliyenibipu. Nikampigia mbio. Hakuwa na habari za yule mwanamke. Alitaka kujua kama na yeye, kwa umri wake, bado anaruhusiwa kuja.